Landrova ya Babu na Honi ya Jumapili

Jambo hili nimewaficha marafiki zangu wa chuo karibu mwaka mzima, na mkishalisikia mtaelewa kwa nini, maana mimi ndiye niliyekuwa nikisimama kwenye mabishano ya bwenini kudai ushahidi wa kila kitu, kuanzia majini hadi dawa za mapenzi, na mimi huyohuyo nimeonwa na watu wa Vudee, siku ya Jumapili, nimelowa oili kuanzia shingoni hadi kiunoni, nimesimama mbele ya kaburi najitambulisha kwa jina.

Nianze na gari. Ni Landrova ya zamani, ile fupi yenye taa zilizokaribiana kama macho ya bundi, na ilikuwa ya babu yake mke wangu, Namsifu. Mzee alipofariki ilibaki bandani nyuma ya nyumba yake kule Vudee milimani, miaka kumi na moja, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Mimi ni mwalimu wa fizikia hapa Same, kwetu ni Kwakoa, tambarare, nimekulia kwenye mbuzi na vumbi, na tangu nilipoiona siku ya kujitambulisha ukweni sikuwaza kitu kingine (naambiwa nilijibu maswali ya wazee huku nachungulia bandani). Nilitaka kuifufua kwa mikono yangu, uani kwangu. Namsifu, ambaye ni muuguzi na hapendi kitu kisicho na kazi, hakutaka chuma chakavu kwenye ua unaotosha kamba moja tu ya nguo. Tulijadiliana wiki nyingi, mwishowe akakubali kwa masharti mawili: oili isiguse nguo zake, na kabla gari halijatoka Vudee niende kaburini nikamuage babu.

Bibi yake, mjane wa mzee, alinielekeza kwa simu jinsi ya kufanya. "Simama kichwani pake, mume wangu," alisema (bibi huniita mume wake, ni utani wa huko), "taja jina lako, mwambie gari linakwenda wapi na nani ataliendesha. Basi. Sisi ni Walutheri, sikwambii ufanye uganga. Ni adabu tu."

Siku ya kwenda kulichukua, Namsifu alikuwa zamu na bibi alikuwa kwenye mazishi kijiji cha jirani. Tulilipakia kwenye Fuso kwa msaada wa majirani, ukungu ukaanza kushuka, na dereva akawa ananihimiza kwamba mvua ikitukuta kabla ya kijiji cha Mwembe tutateleza hadi bondeni. Kaburi lilikuwa hatua hamsini tu, nyuma ya mibuni, lina vigae vyeupe. Nikalitazama. Nikajiuliza, mtu mwenye shahada ya sayansi anakwenda kuiambia saruji nini? Nikapanda Fuso.

Uamuzi wenyewe ndio huo, haukuchukua hata dakika.

Jioni Namsifu aliniuliza kama nilimwambia babu. Nikasema nilimwambia. Akauliza, "Akasemaje?" Nikamjibu kwamba amesema nisisahau kubadilisha oili. Akacheka mpaka akashika mlango, na mimi nikajiona mjanja sana.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Nilipiga msasa, nikaziba kutu, nikafuata vipuri hadi Arusha, na ili mke asihesabu saa ninazokaa chini ya boneti nilipika makande kila Jumamosi na kunawa mikono kwa sabuni ya unga na sukari kabla ya kugusa chochote cha ndani. Akaanza hata kuniletea chai pale uani na kuniuliza hiki ni nini na kile kinafanya nini.

Kisha siku moja, saa nane mchana, jua la Same limesimama utosini na upepo unachapa mwarobaini wetu, Namsifu akiwa anafua na mimi niko bombani, honi ikalia. Milio miwili mirefu, mmoja mfupi. Ndani ya gari hapakuwa na mtu. Namsifu aliinuka taratibu, povu linamchuruzika viwikoni.

"Huo ni mlio wa ndiva," akasema.

Ndipo akanieleza. Babu yake alikuwa msimamizi wa ndiva, lile bwawa ambalo watu wa milimani hukusanyia maji ya mfereji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Kwingine watu waliitwa kwa pembe kwenda kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kuzibua mfereji na kukarabati ukuta. Mzee yeye aliwaita kwa honi ya Landrova. Mlio mmoja mrefu, kesho tuna kazi. Miwili mirefu na mmoja mfupi, ukuta umepasuka, kila mtu aje na jembe sasa hivi.

Nikamweleza habari za shaba kutanuka kwa joto, nyaya zilizotafunwa na panya, na kwamba miwili mirefu na mmoja mfupi ni sadfa tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kama anavyowasikiliza wagonjwa wanaojieleza sana, halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea.

"Lakini babu aliambiwa. Kwa hiyo huyu si babu." Akapangusa povu mikononi. "Kama si babu, ni nani anayeujua mlio wake?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Mdomo nilikuwa nao. Lakini alikuwa na mimba ya miezi mitano, nikajiambia kwamba kukiri uongo ni kumwongezea mawazo bure (nilivyojidanganya vizuri), na nikarudi kwenye nyaya zangu.

Mambo hayakuishia hapo. Viti nilikuwa nimevifua na kuvianika siku tatu, lakini asubuhi moja nilipofungua mlango nikapigwa na harufu ya ugoro, kali, kama mtu ameshuka sasa hivi. Sponji jipya la kiti cha dereva, nililoliweka jana yake, lilikuwa limebonyea katikati. Nikasema sponji ni la bei rahisi. Namsifu alihamishia kamba yake ya nguo kwa jirani. Akaacha kupita uani, akawa anazunguka nyumba nzima kuingilia mlango wa jikoni, na tumbo lake lile, ili tu asipite mbele ya zile taa. Chai zikakoma. Usingizini alikuwa anashtuka na kunishika mkono, na mimi nilikuwa namwambia hakuna kitu, mama, lala.

Nikaita fundi wa umeme, kijana mmoja wa Singida mwenye sifa mjini. Alipima, akainama, akapima tena.

"Mwalimu, waya wa honi umekatika humu ndani, na si leo. Ona kutu yake. Honi hii hailii."

Nikamwuliza kama ana uhakika. Akawa anakusanya spana zake. "Nimekwambia ilivyo," akasema. "Ilivyolia usiniulize."

Nikaunganisha waya mpya mwenyewe. Namsifu naye, kwa kuwa mumewe aliapa kwamba babu ameagwa, akaleta wazee wa kanisa waje kumfukuza huyo mgeni wa garini asiyejulikana. Walimwamuru atoke kwa sauti kubwa, Namsifu kashika tumbo na macho kayafumba, mimi nimeshikilia boneti wazi kama ndugu wa mgonjwa anayeshika taa, nikiwa ndiye mtu pekee pale uani anayejua kwamba hakuna mgeni yeyote wa kufukuzwa. Nikasema amina.

Zikapita wiki kadhaa na gari likawaka, likanguruma vizuri ajabu. Bibi akaomba aletewe alione. Namsifu alikubali, ila si kwa sababu yangu: alitumaini bibi ataweza kumtambua huyo mgeni ni nani. Hakutaka kupanda. Alitangulia Jumamosi kwa gari la abiria, mimi nikafuata Jumapili asubuhi, peke yangu, na shati jeupe la kanisani. Nilipanda vizuri, isipokuwa kioo cha ndani, ambacho kila nikikiinua kilishuka tena taratibu, kikatulia kwenye kimo cha dereva mfupi kuliko mimi (skrubu, nilijiambia, itakuwa skrubu).

Nilifika kwa bibi ibada ikiendelea. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba kwaya ilisikika lakini kanisa halionekani. Starta ilikuwa imelegea njiani, nikataka bibi akirudi alikute gari linawaka kwa mguso mmoja, basi nikachomoa betri, nikaiweka juu ya kigoda pembeni, nikalala chini ya gari na shati langu jeupe.

Honi ikalia. Milio miwili mirefu, mmoja mfupi.

Niliisikia kifuani kabla ya masikioni, chuma chote kilitetemeka juu yangu. Nikainuka kwa kushtuka, kichwa kikagonga chini ya injini, na kichujio cha oili, ambacho nilikifunga kwa haraka, kikaachia, oili nyeusi ikanimwagikia yote. Kule kanisani kwaya ilinyamaza katikati ya ubeti.

Nikabaki nimelala, nasikiliza. Hakuna aliyepiga kelele. Baada ya muda nikaanza kuona miguu. Viatu vilivyong'arishwa, viatu vya mama wazee vyenye soksi nyeupe, vinatoka kwenye ukungu kutoka kila upande, na pembeni ya kila jozi ya miguu, jembe au beleshi limetua chini. Walikuwa wamepitia majumbani kwao kwanza. Watu arobaini hivi, wamevaa suti na vitenge vya ibada, wamelizunguka gari kimya, wakisubiri kuambiwa wapi pamepasuka.

Nikatambaa nikatoka. Nikasema shikamooni.

Mzee Elinami, ambaye ndiye msimamizi wa ndiva sasa, akauliza, "Nani amepiga?"

Nikasema ni hitilafu ya umeme. Akaniangalia, akaangalia kigoda. Betri ilikuwa imekaa pale, nyaya hazipo, umande umeshaanza kuilowesha. Mmoja baada ya mwingine wote wakaigeukia, na nilijua kwamba maelezo yangu yameisha. (Nimewaza baadaye kwamba labda lilikuwa gari jingine bondeni na mwangwi wa milima. Nawaza hivyo mara kwa mara.)

Bibi akasogea na jembe lake. "Mume wangu," akasema, lakini safari hii si kwa utani, "babu yako ulimwambia?"

Kabla sijafungua mdomo, Namsifu akaja kusimama ubavuni pangu, pale pale kwenye oili, akanishika mkono mbele ya ukoo wake wote.

"Alimwambia, bibi. Kila siku naulizwa hilo na kila siku najibu. Mume wangu si mtu wa kuniongopea."

"Basi si mwenzangu aliyepiga," bibi akasema polepole. "Kama aliagwa, si yeye. Kitu hicho kisirudi nyumbani kwenu, na mtoto asipandishwe humo. Kichomwe."

Watu wakaitikia kwa kuguna. Namsifu akaweka mkono wake mwingine tumboni, na niliona kwamba haogopi kwa ajili ya gari, anaogopa kwa ajili ya alichobeba. Ningeweza kukaa kimya, gari lichomwe, heshima yangu ibaki, na yeye aendelee kumwogopa mgeni huyo maisha yake yote, katika kila nyumba tutakayohamia.

"Sikumwambia," nikasema.

Bibi akanitaka niseme tena, wa nyuma hawajasikia. Nikasema tena. Namsifu aliuachia mkono wangu, si kwa hasira, aliuachia tu.

Walinisindikiza hadi kaburini, wote, na majembe yao. Nikasimama kichwani. Nikataja jina langu, nikasema natoka Kwakoa, nafundisha Same, gari liko kwangu na mimi ndiye ninayeliendesha. Kijana mmoja nyuma alicheka puani, akazimwa na mama yake. Bibi akasema, "Mwambie na yale mengine," nikamwambia marehemu kwamba nimemdanganya mjukuu wake miezi mitatu, na kusema hilo mbele ya vigae vyeupe na watu wa suti kulikuwa kugumu kuliko mtihani wowote niliowahi kufanya.

Mzee Elinami akasema kwa kuwa majembe yapo, wapite ndivani waangalie. Chini ya ukuta wa upande wa bonde wakakuta udongo umelowa, duara la ukubwa wa sinia, na maji yanajipenyeza kwa uzi mwembamba. Najua mtakachosema, kwamba ukuta wa zamani ukikaguliwa na watu arobaini hautakosa pa kuvuja, na mimi nilisema hivyohivyo, lakini nililisema moyoni huku nabeba udongo wa mfinyanzi nikiwa na shati langu la oili hadi jioni.

Tulirudi Same siku ya pili yake, baada ya kukaza kichujio na kujaza oili mpya. Namsifu alikubali kupanda, akakaa mbele, mkono dirishani, na tulikuwa tumeshapita Mwembe aliposema neno.

"Ungeniambia siku ileile ningekucheka tu. Miezi miwili namwogopa mtu ambaye hayupo, nakushika usiku nakuuliza, na wewe unajua."

Binti yetu amezaliwa, Landrova iko uani na honi yake haijalia tena, nami bado siamini kwamba marehemu hupiga honi. Nimeapa, hata hivyo, sitamwambia tena mke wangu nimefanya jambo ambalo sijalifanya, liwe dogo namna gani, liwe la kipuuzi namna gani machoni pangu. Nimelishika hilo hadi leo. Ila nikimwambia nimeshafunga geti, Namsifu husema asante, kisha huvaa kandambili, hutoka nje, na hulisukuma mwenyewe kuona kama kweli limefungwa.