Kura ya Viatu

Mume wangu alilala mochwari siku tatu, wanaume watatu wakibishana kama azikwe hapa Johannesburg au asafirishwe Tanga. Kila mmoja alisemea mtaa wake: Fordsburg, Troyeville na Malvern. Walibishania nyumbani kwangu, mimi mjane nikiwa chumba cha pili, na hakuna aliyekuja kuniuliza. Mwishowe wakamzika hapa, mimi nikapewa taarifa. Nilikasirika, na mpaka leo sijapoa.

Chama chetu cha kuzikana kiliendeshwa hivyo. Hata mwenyekiti alichaguliwa na wajumbe hao watatu, kila mtaa kura moja. Malvern tumejaa barabara nzima ya Jules, Fordsburg ni wenye maduka wachache, lakini kura ni ileile moja.

Mwaka jana tulikutana Troyeville, nyumbani kwa mwanachama mmoja, kuchagua mwenyekiti. Yule wa zamani, rafiki wa marehemu mume wangu, aligombea tena. Akashindana naye mama mmoja anayeosha maiti wa kike, aliyeahidi kwamba hazikwi mtu kabla wafiwa hawajasikilizwa. Wajumbe wakajitenga pembeni kushauriana. Nikasimama nikasema safari hii tupige kura sote, mtu mmoja kura moja.

Mjumbe wa Fordsburg akacheka. Alisema tukihesabu vichwa, Malvern itawatawala milele.

"Malvern haina mkono wa kupigia kura," nikamwambia. "Wenye mikono ni sisi. Wengi wape."

Akasema hakuna karatasi wala sanduku. Kisingizio tu. Nikatoka hadi barazani, tulikovua viatu, nikaweka kandambili zangu upande wa kulia. Nikatangaza kuwa huku ni kwa mama, kushoto ni kwa mwenyekiti. Nilisimama pale peke yangu, miguu mitupu, sakafu baridi. Niliona aibu, lakini sikurudi ndani. Kisha akatoka mke wa yule mjumbe wa Fordsburg, akaweka viatu vyake kando ya vyangu bila kumtazama mumewe. Baada yake wakamiminika wote.

Tulihesabu mara mbili, kila mtu akiona. Mama alipata jozi ishirini na tatu. Mwenyekiti alipata ishirini na sita, na nyingi kati ya hizo zilikuwa za majirani zangu wa Malvern.

"Eish," akasema mjumbe wa Fordsburg kwa mshangao, akaanza kuvihesabu mara ya tatu.

Iliniuma sana. Viatu vya jirani ninayekopeshana naye chumvi vilikuwa kule kushoto, vimepangwa vizuri kabisa. Nikainama kuchukua kandambili zangu. Mwenyekiti akanisogelea, anatabasamu.

"Haya, shemeji, si umeyataka mwenyewe? Umeshindwa."

"Nimeshindwa," nikamjibu huku nikivaa. "Lakini leo nimeulizwa."