Karatasi Ishirini na Nne za Ezéchiel

Mfunge Anaclet macho, umpe karatasi, naye ataisugua kwa kidole gumba na kukueleza mambo yake yote: uzito wake, imetoka wapi, imelala stoo miezi mingapi, na kama masika yameshaipitia. Miaka arobaini amechapa na kujalidi vitabu katika chumba kimoja cha mbao juu ya soko la Kadutu, mlimani Bukavu, pale ngazi ya udongo inapokata kona, na hakuna mtu mlimani anayethubutu kubishana naye kuhusu karatasi. Kuhusu mengine wanabishana naye sana, maana Anaclet ni mtu wa kujisifu, na mwenye kujisifu hakosi wa kumpinga.

Alipenda hasa kuwaeleza watu habari za bédé, vile vitabu vya hadithi za picha. Alikuwa na albamu tatu za Mutega Mubebaji, mpagazi wa soko aliyeshuka na kupanda vichochoro vya Kadutu na magunia ya watu mgongoni na siri zao masikioni. Mchoraji wake alikuwa Ezéchiel, mzaliwa wa mlima huohuo, rafiki wa Anaclet tangu darasa la kwanza. Mteja akiwa na muda, au hata akiwa hana, Anaclet alizipanga zote tatu mezani na kuanza somo.

"Hii ya kwanza ni ya quatre-vingt-six," angesema, yaani 1986. "Kamata. Karatasi ya Bulaya. Ona wino: nyeusi ya kweli. Geuza ku mugongo, hauone kitu."

Ya pili, ya mwaka 1991, ilikuwa imeshageuka rangi ya chai, na pini zake zilikuwa zimetoa kutu hadi kwenye paji la uso la Mutega. Ya tatu ilikuwa ya 1997, na hiyo ilichapwa kwa pelure, karatasi ile nyepesi ya kunakilia barua. Ukisoma ukurasa wa saba, unawaona watu wa ukurasa wa nane wakipita nyuma kama wezi. Wateja walicheka, Anaclet naye alicheka. "Ilikuwa vita," angesema, "karatasi ilikosekana." Kisha angeirudisha albamu hiyo kwenye rafu kabla ya nyingine, haraka kidogo, na hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini.

Ezéchiel alikufa mwezi wa pili. Ilipokaribia siku ya kutoa matanga, mjane wake, Maman Domitille, alipanda ngazi ile ya udongo na sanduku la bati kichwani. Alitaka albamu zote tatu ziwekwe katika kitabu kimoja, chenye jalada gumu na karatasi nzuri, ili siku hiyo kila jamaa aondoke na chake mkononi. Ndani ya sanduku mlikuwa na michoro yenyewe ya albamu mbili za kwanza, ile ambayo mkono wa Ezéchiel uliichora kwa wino kwenye karatasi nene za canson, imefungwa kwa kitenge.

"Ile ya tatu, planche zake, zile alichoraka na mukono, zilienda na bale bantu balipora," alisema Domitille. "Weye mwenyewe njo ulituambiaka."

"Njo vile, maman," alisema Anaclet.

"Basi utatumikisha ile ya pelure. Hatuna ingine."

Anaclet akainamisha kichwa, akajifanya anahesabu karatasi za sandukuni. Ukweli ni kwamba waporaji hawakuwahi kugusa hata ukurasa mmoja wa Ezéchiel. Mwizi alikuwa yeye.

Mwishoni mwa 1997, kwaya ya parokia ilimwagiza vitabu vya nyimbo ishirini na vinne, na Noeli ilikuwa mlangoni. Barabara zilikuwa zimefungwa. Kartoni ya kutengenezea majalada haikuwepo Bukavu nzima, hata ya maboksi ya sabuni. Fundi mwingine angekwenda kwa paroko akasema, "Nimeshindwa." Lakini Anaclet alikuwa ameapa mbele ya wanakwaya wote, tena kwa mbwembwe, kwamba mkono wake haujawahi kuchelewesha kazi. Na pale mezani kwake zilikaa karatasi ishirini na nne za michoro ya albamu ya tatu, nene, ngumu, safi, zikimsubiri mwenyewe aje kuzichukua. Zilikuwa zimeshachapwa. Akajiambia kwamba kazi yake iliyobaki ni kuliwa na mende. Mtu akitaka kufanya ubaya, hakosi maneno mazuri ya kujiambia.

Alikata kila karatasi vipande vinne. Aligandisha viwiliviwili kwa gundi ya seremala, uso kwa uso, wino ndani, ili hata jalada likichanika mtu aone nyeupe tupu. Vipande vinne vikatosha kitabu kimoja, mbele na nyuma. Akavivika kitambaa chekundu. Noeli kwaya iliimba, na watu walimsifu fundi. Wiki iliyofuata Ezéchiel alipokuja kuchukua michoro yake, Anaclet alishika kichwa kwa mikono miwili na kumwambia kwamba waliovunja duka wamebeba kila kitu. Ezéchiel alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kisha akamwambia rafiki yake pole.

Hiyo pole Anaclet hakuisahau. Ezéchiel aliimba besi kwenye kwaya hiyo, na kila Jumapili, akitoka misani na kitabu chake chekundu kwapani, alipitia dukani, kwenye atelier kama alivyopaita.

"Habari ya atelier?"

"Hakuna."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna kabisa."

Na Ezéchiel angecheka kidogo, aondoke zake. Ikawa ni salamu yao.

Sasa basi, Pascaline, binti wa Anaclet anayeendesha kompyuta ya duka, alianza kupiga skana. Albamu mbili za kwanza zilitoka safi. Mvua ya Ezéchiel ilionekana ikinyesha uzi kwa uzi juu ya mabati ya Kadutu. Ilipofika ya tatu, mambo yakaharibika. Skana ilikokota watu wa ukurasa wa nyuma ikawaleta mbele. Pascaline alipunguza giza, mvua ikapotea. Akaongeza, Mutega akawa na vichwa viwili.

"Papa," alisema mwishowe, "nikifuta bantu ba nyuma, na ba mbele banakwenda nabo. Uliichapaka vibaya hii kitabu."

Mtoto alikuwa amesema kweli, na hakujua hata robo yake.

Domitille alipokuja kuona kurasa za majaribio, alizipitia moja moja, akiwa amesimama mlangoni penye mwanga. Za kwanza alizishika kifuani. Za mwisho alizitazama sana.

"Batoto batasema mukono yake ilichoka," alisema. "Hata wakati ule balisemaka: 'Ezéchiel amekwisha, hajue tena kuchora.' Njo maana hakufanyaka ya ine."

Aliaga akashuka. Anaclet alibaki na kurasa zile, na uso wake ulikuwa unawaka kama wa mtoto aliyekamatwa na sukari mdomoni. Miaka yote hiyo alijifariji kwamba aliiba karatasi tu. Hakutaka kujua kwamba watu walipoona uchapaji mbovu walimcheka mchoraji, si mchapaji, na michoro mizuri ambayo ingewafunga midomo ilikuwa ndani ya majalada aliyoyashona yeye. Alikuwa ameyasikia maneno hayo zamani, sokoni, na akayaacha yapite. Waswahili wamesema, mficha uchi hazai. Anaclet alikuwa ameficha hadi mwenzake akakosa kuzaa albamu ya nne.

Kesho yake asubuhi alikwenda parokiani kwa Papa Camille, mkuu wa kwaya. Vitabu vile vyekundu havitumiki tena. Siku hizi waimbaji wanasoma nyimbo kwenye simu. Vilikuwa vimerudishwa kabatini, na kati ya ishirini na vinne vilibaki kumi na tisa.

"Unabitakia nini?" aliuliza Camille.

Hapo ndipo angeweza kuanza kusema. Badala yake ulimi ukateleza kwenye njia yake ya zamani. "Nataka nibitengeneze. Bure. Bitambaa biliisha."

"Mungu akubariki, Papa Anaclet," alisema Camille, na baraka ile ilimchoma kuliko tusi. Alishuka na mzigo wake bila kumsalimia mtu njiani.

Alifunga mlango wa duka mchana kweupe, akamwambia Pascaline aende nyumbani, akachemsha maji. Alishika kila jalada juu ya mvuke hadi gundi ilipolegea, akapitisha kisu chembamba katikati. Vipande viliachana kwa sauti ya kubanduka. Gundi ilikuwa imeacha madoa ya kahawia, lakini wino ulikuwa palepale. Alimwona Mutega akivuka mto wa tope na kitanda cha bibi harusi mgongoni. Aliona wanawake wa soko hamsini, hakuna aliyefanana na mwenzake, kila mmoja na kidevu chake. Mkono haukuwa umechoka hata kidogo. Anaclet alilia, na alilia kwa hasira pia, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine wa kumkasirikia.

Kitabu cha kumi na nne kilikuwa na jina ndani: Ezéchiel, basse. Alipokishika, kidole gumba kikasimama chenyewe. Kitambaa kilikuwa kilekile, lakini kingo zilikuwa zimekunjwa na mtu mwingine, kwa uangalifu wa mtu asiye fundi. Na gundi haikuwa ya seremala. Ilikuwa nyeupe, uji wa unga wa muhogo, ule ambao watoto wa shule hugandishia madaftari. Anaclet hajawahi kuutumia maishani mwake.

Alifungua taratibu. Vipande vinne vilitoka bila doa. Mtu alikuwa amevisafisha na kupitisha wino mpya kwenye mistari iliyokwanguliwa, kisha akavirudisha ndani, uso kwa uso, kama alivyovikuta. Pembeni paliandikwa kwa penseli tarehe, tarehe nane mwezi wa sita, 2003, na chini yake saini ya Ezéchiel.

Anaclet alikaa juu ya ndoo. Miaka zaidi ya ishirini. Jumapili ngapi hizo? Habari ya atelier, hakuna. Hakuna kabisa, hakuna kabisa. Na mwenzake amekishika kitabu hicho kwapani, akimpa mlango, na yeye kila mara anaufunga. Alitamani ardhi ipasuke. Ardhi ya Kadutu hupasuka kila msimu wa mvua na kumeza nyumba za watu wasio na kosa, lakini siku hiyo ilitulia tuli.

Jumapili, baada ya misa, alikwenda kwa Domitille na bahasha kubwa. Alizipanga karatasi mezani, kumi na tisa, kila moja imeungwa upya kwa vipande vyake vinne. Hakukaa kwenye kiti alichopewa. Alisema yote akiwa amesimama, kuanzia kartoni iliyokosekana hadi kitabu cha kumi na nne, na hakutaja vita hata mara moja.

Domitille alimsikiliza hadi mwisho. Alikuwa akinyoosha ukingo wa karatasi moja kwa kiganja.

"Nilijua," alisema. "Alinionyesha siku ile jalada ilichanika, akaifungula. Nilitaka nikuye nikukamate ku shingo mbele ya bantu. Alikatala. Aliniapisha nisiseme. 'Acha, mama, Anaclet ni mwenzangu. Atakuya mwenyewe kusema.'" Akavuta pumzi. "Alikungojea sana, Papa Anaclet. Hata ku hopitali, kila mutu akifungula mulango, alikuwa anauliza: ni Anaclet?"

"Nilifika," alisema Anaclet kwa sauti ndogo. "Nilifika mara mbili."

"Ndiyo, ulifika," alisema Domitille. "Ulimuzungumuziaka bei ya karatasi."