Karatasi Ambayo Menka Hakuiomba

Wifi yangu Menka alifanya kazi ya tumbaku miaka thelathini na mmoja, na sijapata kuona mtu mwenye pua kama yake. Alikuwa akisimama mlangoni mwa ghala, ananusa mara moja tu, kisha anakwenda moja kwa moja kwenye uzi mmoja uliotungwa majani, kati ya mamia yaliyotundikwa, na kuuchomoa. Majani yake yameanza ukungu. Wanaume waliokuwa wamekagua asubuhi nzima waliinamisha vichwa, na mimi nilicheka kwa sauti makusudi ili wasikie vizuri.

Aliletwa kwetu akiwa bibi harusi wa kaka yangu Spase, kijijini kwetu juu ya mji wa Prilep, ambako kuanzia Juni hadi Oktoba vidole vya kila mtu huwa vyeusi kwa utomvu wa majani. Ghala la mawe alilijenga baba yangu. Alipofariki nilikataa fungu langu, kama mabinti wa kwetu wanavyofanya, nikamwachia kaka. Kaka naye moyo ukasimama akiwa shambani, na ghala likabaki kwa Menka na mwanawe Dame. Wakati huo tumbaku ilikuwa haitulishi tena. Dame alikuwa Slovakia, kwenye kiwanda cha magari, akifunga milango ya magari ya watu wengine. Kila alipopiga simu mama yake alimwuliza swali moja.

"Utarudi lini?"

"Nirudi nifanye nini, mama? Nihesabu paka?"

Hilo ndilo lililokuwa likimla Menka. Hakutaka utajiri. Alitaka mwanawe apate kazi pale pale kijijini, aoe, na yeye mwenyewe asizeeke akizungumza na televisheni.

Sasa nimtaje Sotir, ingawa nikitaja jina lake nasikia kutema mate. Kwetu kila ukoo una msimamizi wake. Ndiye anayesimama nyuma ya bwana harusi kanisani, ndiye anayebatiza watoto na kuwapa majina, na kazi hiyo hurithiwa kutoka baba kwenda kwa mwana, nyumba kwa nyumba. Msimamizi anakaa kichwani mwa meza, anapakuliwa kwanza, na mbele yake mtu hapandishi sauti. Babu yake Sotir alimbatiza baba yangu. Baba yake alinibatiza mimi na Spase, na akamsimamia Spase siku alipomwoa Menka. Sotir mwenyewe alimshika Dame majini. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi Prilep, tumbo la kutosha, na mdomo mtamu.

Siku ya Mtakatifu Nikola, mtakatifu wa nyumba yetu, mwaka ule sheria ilipobadilika, tulikuwa mezani na samaki na maharage ya kuoka. Sotir alifuta mdomo, akasema:

"Menka, lile ghala lako unalifanyia nini siku hizi?"

"Nafuga panya, msimamizi. Wananawiri kweli."

"Basi wahamishe. Serikali imeruhusu bangi."

Padri Mitre nusura asakamwe na mwiba wa samaki. "Bangi! Mezani kwa Mtakatifu Nikola!"

"Bangi ya dawa, padri. Inakwenda Ujerumani, kwa wagonjwa. Inaoteshwa ndani, chini ya taa, jua hailioni hata siku moja."

"Kama wewe dukani kwako," nikamwambia, na meza nzima ikacheka, Sotir akicheka kuliko wote.

Lakini Menka hakucheka. Alikuwa ameweka uma chini. "Itahitaji watu wa kufanya kazi?"

"Watu! Na Dame wako awe wa kwanza. Wewe unaleta jengo na mikono yako, mimi naleta mitambo, kila kitu nusu kwa nusu. Nani anayajua majani kama wewe, Menka? Hebu niambie."

Walipeana mikono juu ya sahani, wakanywa rakija, pombe yetu kali, na mambo yakaishia hapo. Mkataba wenyewe ulikuwa huo.

Wizara haikutoa leseni ila kwa kampuni yenye jengo lake lenyewe, hati safi, jina moja. Kwa hiyo mwezi wa tatu tulikwenda Prilep, Menka, Sotir na mimi, kwa mwanasheria anayepiga mihuri ya mikataba. Alikuwa mzee mkavu mwenye miwani. Alisoma, akarudia kusoma, akamtazama Menka.

"Mama, hapa unaipa kampuni ghala lako bure. Na kampuni ni ya huyu bwana peke yake. Sehemu yako iko wapi? Kuna mkataba mwingine?"

Sotir akacheka. "Tutauandika leseni ikishatoka. Sasa hivi tunakimbizana na tarehe."

Mwanasheria hakumgeukia. Alikuwa bado anamngoja Menka. Nilimwona wifi yangu akiiva uso mpaka masikioni, kana kwamba ameulizwa jambo la aibu mbele ya wageni.

"Bwana, huyu ni msimamizi wetu," akasema. "Vizazi vitatu."

Yule mzee naye ni mtu wa kwetu. Aliinamisha macho, akapiga muhuri.

Tulipokuwa tukishuka ngazi nilimvuta pembeni. "Ungemwomba karatasi moja tu, Menka. Hata iliyoandikwa kwa mkono."

"Nimwombe msimamizi karatasi? Wifi, umerukwa na akili? Halafu nimtazame vipi usoni?"

Na msinicheke, maana hata mimi nisingemwomba. Mtu wa kwetu atamdai risiti kaka yake wa tumbo moja, lakini si msimamizi. Ni sawa na kumwambia: nyumba yetu inadhani wewe ni mwizi.

Basi kazi ikaanza. Ndani ya mawe ya baba yangu wakajenga nyumba nyingine ya mbao nyeupe laini, yenye vyumba visivyo na dirisha, taa za kuumiza macho, feni, na vichujio vikubwa vya kuzuia harufu isifike barabarani. Nje wakazungushia uzio na kamera kumi na mbili. Ukitaka kuingia unaoga kwanza, unavaa nguo nyeupe na kofia ya nailoni, na kila mtu ana kadi yake ya kufungulia mlango. Menka akivaa vile alionekana kama fundi wa kupaka chokaa, na kijiji hakikumwacha.

"Menka! Tuletee majani kidogo tuchemshe chai!"

"Njoo uchukue mwenyewe," alikuwa akijibu. "Kuna kamera kumi na mbili, tabasamu vizuri."

Sotir alimleta mtaalamu kutoka Uholanzi, Joost, mtu mrefu mpole aliyeamini vipimo vyake. Mimea mama ilikaa katika chumba cha peke yake, na kutoka kwayo walikata vipandikizi, vyote ndugu wa damu moja, ili dawa isibadilike kutoka mavuno hadi mavuno. Menka alijifunza yote hayo akiwa na miaka hamsini na sita, akiandika kwenye daftari la shule. Mavuno ya kwanza yalipokaribia alisimama mlangoni mwa chumba cha maua, akanusa.

"Kona ile. Mstari wa tatu. Kuna ukungu."

Joost akamwonyesha vipimo: unyevu sawa, joto sawa. Menka akaenda, akashika ua moja nene, akalipasua kwa vidole viwili. Ndani lilikuwa la kijivu. Kumbe taa zikizimwa hewa ya kona ile ilikuwa haizunguki, na kipimo kilining'inia katikati ya chumba, mbali na ugonjwa. Walitoa mimea kumi na minne wakaokoa chumba kizima. Tangu siku ile Joost akawa anamwita "profesa," na Sotir akampiga begani mbele ya wafanyakazi wote: "Huyu ndiye kampuni yenyewe!"

Nakumbuka sana maneno hayo.

Dame alirudi. Aliacha kazi Slovakia, akakabidhiwa feni na taa, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemchumbia Biserka, mwalimu wa shule ya msingi, msichana mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Harusi ikapangwa Septemba. Menka alipaka rangi vyumba vya juu kwa mikono yake mwenyewe. Nilimkuta amekaa sakafuni na brashi, anaimba. Sikuwa nimemsikia akiimba tangu Spase afariki.

Kuhusu mkataba wao, nilimkumbusha mara mbili. Mara ya kwanza alisema leseni ndiyo kwanza imetoka, tusimharakishe mtu. Mara ya pili alinikasirikia.

Majira ya kuchipua, maabara ikapitisha mafuta yetu yaliyokamuliwa kwenye maua, na ruhusa ya kusafirisha ikafika. Tulichinja kondoo. Jumatatu iliyofuata Menka alikwenda kazini, akaweka kadi yake mlangoni, mlango haukufunguka. Akaifuta kwenye sketi, akaweka tena. Mlinzi akatoka, mgeni, sare mpya, na karatasi mkononi.

"Jina, mama?"

Akamtajia.

"Humu halimo."

"Tazama vizuri, mwanangu. Mimi ndiye ninayetunza mimea."

"Halimo. Wala la mwanao."

Joost alikuwa akipita uani. Alimwona, akasimama, kisha akatazama viatu vyake na kuingia ndani. Sotir alikuwa ameiuza kampuni yote tangu Februari, na ghala ndani yake, kwa watu wa nje ambao sikuwahi kuwaona hata sura, wenye wakulima wao wenyewe. Februari! Wiki saba nzima alikuwa akimpiga Menka begani huku ameshamuuza. Simu aliipokea siku ya nne.

"Menka, elewa. Wanunuzi hawakutaka wabia wadogo wadogo. Na kwenye karatasi, ukweli ni kwamba hukuwamo. Biashara ndivyo ilivyo. Lakini nimewaombea wakuchukue kama kibarua wakati wa kukata maua."

Kibarua. Ndani ya ghala la baba yangu.

Mawakili wawili walituambia jambo lile lile: alitoa kwa hiari, alisaini, alionywa na mwanasheria mwenyewe. Nilitukana mpaka kijiji kizima kikanisikia. Menka hakutukana. Alikaa jikoni, mikono mapajani, mikono ambayo sijawahi kuiona imetulia, na kila baada ya muda alisema, "Alimbatiza mwanangu." Tulisalitiwa, sina neno jingine la kulivika jambo hilo.

Dame alirudi kiwandani, na safari hii Biserka angemfuata baada ya harusi. Tiketi zilikuwa zimeshakatwa. Jambo moja tu Dame alilitaka.

"Huyo mtu hasimami nyuma yangu kanisani."

Bibi zetu wote wakajishika vifua. Padri Mitre alikuna ndevu. "Msimamizi habadilishwi hivi hivi, Menka. Lazima akuachie mwenyewe, kwa kinywa chake, kwa baraka. Bila hivyo, watu wanasema nyumba haizai. Nenda ukamwombe."

Kwa wiki tatu Menka alitafuta maneno. Aliyasema akifua, aliyasema akimenya pilipili hoho za kuoka. Alikonda. Hakuwa akimwogopa Sotir. Aliogopa kulivunja jambo waliloanza wazee waliokwisha kufa, tena yeye, mwanamke aliyeletwa kwa ndoa. "Atalia," alikuwa akiniambia. "Atasema tumezika babu yake mara ya pili. Nitamjibu nini?"

Jumapili baada ya ibada tulikwenda, kama desturi ya kwenda kwa msimamizi, yeye na mkate wa duara, mimi na chupa ya divai. Mkewe Sotir, Ruža, alifungua mlango wa nyumba yao mpya, akaona mkate, akapiga makofi.

"Sotir! Njoo! Wamekuja kutualika!"

Sotir alikuwa na kandambili miguuni na mpira kwenye televisheni. "Karibuni, karibuni. Nilijua tu hasira zitapoa."

Menka hakukaa.

"Msimamizi," akasema, "nyumba yenu imesimama na nyumba yetu vizazi vitatu. Nimekuja kuomba utuachie. Dame atasimamiwa na mtu mwingine."

Ruža aliziba mdomo kwa kiganja. Mimi nilishika mgongo wa kiti. Nilingoja alie, atufukuze, atulaani, lolote kati ya hayo lingetosha.

"Harusi ni lini?" akauliza Sotir.

"Tarehe kumi na nne Septemba."

"Aa, afadhali basi! Sisi tutakuwa Ugiriki, hoteli tumeshalipia. Nilikuwa najiuliza nitawaambiaje." Akamtazama kwa uso wa mtu aliyetuliwa mzigo. "Mko huru, Menka, kwa baraka zote. Mtakunywa kahawa?" Na akageukia mpira.

Menka alibaki amesimama na mkate mkononi. Ni Ruža aliyeanza kulia, akaupokea ule mkate, akatusindikiza mpaka langoni.

Hatua chache mbele ya lango Menka aliketi kwenye ukuta mfupi wa barabara. Nikamwambia, "Si ametuachia? Umepata ulichotaka."

"Wifi," akasema, "siku ile kwa mwanasheria, ningemwomba karatasi, asingekasirika."

"Nani ajuaye."

"Asingekasirika hata kidogo, kama ambavyo leo hakukasirika. Angecheka, angesaini. Ile aibu ilikuwa yangu peke yangu."

Hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu mlango ule ukatae kufunguka, mchana kweupe, watu wakipita kutoka kanisani na kutusalimu. Niliketi kando yake, nikawajibu mimi.