Wawili katika Chumba cha Barafu

Kazi yangu ni kukata barafu. Si ya kutia kwenye juisi. Ni ya Antaktika, iliyochimbwa kutoka kina kirefu na kuletwa Brussels bila kuyeyuka. Ndani yake mna viputo vya hewa ya kale, na hewa hiyo hutueleza dunia ilivyokuwa kabla hatujaanza kuichemsha.

Tunaikata katika chumba chenye baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, kwenye jengo la chuo, si mbali na uwanja wa Flagey. Mimi hujifunga kanga mbili ndani ya ile suti nene ya baridi, na nani atajua? Kanuni ya chumba ni kwamba hakuna anayebaki peke yake. Tunaingia wawili, na mmoja akizidiwa na baridi, wote tunatoka. Mara nyingi niliingia na mkuu wetu wa utafiti, mzee wa Kibelgiji mpole sana.

Ulipopangwa msafara wa kwenda kuchimba barafu mpya, ilibaki nafasi moja. Nikaiomba, tena kwa hamu. Mkuu akaniita ofisini, akanimiminia kahawa, akaniambia kwa kubembeleza kwamba atampeleka mwenzetu aliyejiunga majuzi.

"Tunakufikiria wewe," alisema. "Kwenu Tanga ni joto. Kule utateseka."

Nilitoka kwa hasira. Kwetu ni joto, ndiyo, na bahari inayopanda kwa kuyeyuka kwa barafu hizohizo imeshakula ua wa nyumba ya bibi yangu. Halafu nihurumiwe, niachwe na msumeno wangu!

Jioni nilimsimulia mama wa Kivu ninayepanga kwake, mtaa wa Auderghem. Alicheka kwanza. "Bon, mutoto yangu, baridi ya hapa haikutoshi, unaenda kutafuta ingine?" Kisha akaacha kucheka. "Alors, ule papa mukubwa wako wa kazi anasema hauwezi? Kwani baridi iko na mwenyewe?"

Asubuhi tulikutana kikundi kizima. Mkuu aliandika jina la yule mwenzetu mpya ubaoni, akauliza kama kuna mwenye neno.

"Mimi ninalo," nikasema. "Profesa, tukiwa kwenye chumba cha barafu, nani huwa anaomba tutoke?"

Mtu mmoja nyuma alicheka akajifanya anakohoa. Wote walijua ni yeye.

"Vidole vyangu hufa ganzi…" mkuu alianza.

"Sijakulaumu kwa vidole. Nami nikatoka kila mara, kwa sababu ndiyo kanuni, nikaacha kazi katikati. Sijawahi kuomba tutoke, hata siku moja."

Akawa mwekundu mpaka masikioni. Akasema atalifikiria upya suala langu.

"Usinifikirie mimi," nikamwambia. "Fikiria barafu. Nani ataichimba na kuikata mpaka kazi iishe?"

Aliugeukia ubao. Kisha akachukua kitambaa, akafuta lile jina, akaniuliza viatu vya msafara navaa namba ngapi.