Meza Iliyoinama Upande wa Dirisha

Meza ya pool ya chuo chetu cha Garissa ilikuwa imeinama, na mimi nilikuwa bingwa wake. Mambo hayo mawili yalihusiana sana. Mto Tana ulipofurika, maji yaliingia mpaka kwenye ukumbi wa wanafunzi, na yalipotoka sakafu ikabaki imezama upande mmoja. Ukiuweka mpira katikati ya meza, ulitulia kidogo kama mtu anayewaza, kisha ukaenda zako kwenye shimo la kona ya dirisha, bila kuguswa na mtu.

Wenzangu walilalamika. Mimi niliusoma ule mteremko kuliko nilivyowahi kusoma uhasibu. Nilijua mpira upi ni wa kupigwa na upi ni wa kusindikizwa tu kwa macho. Nimezaliwa Dagahaley, ndani ya kambi ya wakimbizi, na pale chuoni nilikuwa "yule wa kambini", hata kwa vijana wa Wajir ambao Kiswahili chao kilichechemea kuliko changu. Lakini nikishika fimbo, waliniita kapteni. Nililipenda jina hilo kupita kiasi, na sioni haya kusema.

Yakaja mashindano ya vyuo, na chuo kimoja cha Nairobi kikapangiwa kutujia nyumbani. Mkuu wa wanafunzi, mzee wa ndevu za hina aliyeamini kwamba pool ni mlango wa mbele wa jehanamu, aliniita ofisini kwake.

"Warya," akasema, kama alivyomwita kila kijana, "mkishinda, meza inabaki. Mkishindwa, natoa, naweka kabati."

"Tutashinda, maalim."

"Inshallah," akajibu, kwa sauti ya mtu anayekuombea mabaya kwa adabu.

Sikuwa na wasiwasi hata chembe. Hao wa Nairobi wangekuja na fulana zao za timu na fimbo zao za kuunganisha, wangepiga mipira kama walivyofundishwa, na dirisha letu lingewamaliza.

Asubuhi ya mashindano niliingia ukumbini nikamkuta mkuu wa wanafunzi chini ya meza, kanzu kaikunja kiunoni, akipigilia vipande vya mbao chini ya miguu ya meza. Pembeni yake palikuwa na pima maji aliyoazima kwa mafundi wa maktaba mpya.

"Maalim, unafanya nini?"

"Mgeni anatoka Nairobi mbaka hapa, halafu unambatia meza mbofu? Wallahi, aibu." Akatoka huku kajaa vumbi, akauweka mpira mweupe katikati ya meza. Mpira ukatulia tuli. "Umeona? Sasa iko sawa."

Ningemwambia nini? Kwetu mgeni hupewa kitanda, wewe ukalala mkekani. Hupewa nyama, wewe ukanywa mchuzi. Kumbe hupewa na kombe pia. Nilitamani kulia, na kama asingekuwa mkuu wa wanafunzi ningemtukana kwanza.

Wageni walikula pilau wakashiba, kisha wakatuchapa. Mimi nilicheza na kapteni wao. Mipira yangu ilikwenda pale pale nilipoilenga, na hilo ndilo lililonimaliza, kwa sababu nilizoea kulenga pembeni na kuiachia sakafu kazi iliyobaki. Siku hiyo sakafu ilikuwa likizo. Nilitumbukiza hata mpira mweupe, ule usiotakiwa kutumbukia.

"Kabten," kijana mmoja wa Wajir akapiga kelele, "leo dirisha limefungwa?"

Ukumbi mzima ukacheka. Adhana ya alasiri iliniokoa na aibu, lakini haikuniokoa na matokeo.

Wakati wa kuaga, kapteni wa wageni alimshika mkono mkuu wa wanafunzi. "Mzee, hii meza yenu iko fiti. Hata sisi hatuna kama hii." Mzee akatabasamu mpaka nikaona meno ambayo sikujua anayo.

Kesho yake nilikwenda kuiaga meza. Nikamkuta mzee ameshika fimbo, tasbihi mkononi, anachungulia mpira kwa jicho moja. Alisema anakagua kama mbao zimeshika. Basi kabati halikuletwa, na mbao zikakaguliwa kila siku baada ya alasiri. Kwenye meza ile iliyonyooka hata yeye alinifunga. Nikarudi kuwa yule wa kambini, na iliniuma.

Kisha mvua kubwa zikanyesha, Tana ukapanda tena, na maji yakaja yakaondoka. Siku ukumbi ulipokauka, mzee aliweka mpira katikati ya meza. Ukatulia kidogo. Halafu, polepole, ukaanza safari ya kwenda dirishani.

Akanitazama. "Warya, umeona hiyo?"

"Nimeona nini, maalim?" nikasema, nikaipaka fimbo chaki.