Upande wa Lugano

Nakumbuka asubuhi moja ya kipupwe, mwanangu, ukungu umeshuka kutoka mlimani hata paa la nyasi la shule yetu ya kanisa halikuonekana. Nilikuwa msichana wa darasa la kwanza katika vilima vya juu ya Mbalizi, miaka ya hamsini, kabla nchi haijapata bendera yake. Kwa kuwa nawe sasa umekabidhiwa watoto wadogo uwafundishe, nimeona nikusimulie habari hii.

Mwalimu wetu aliitwa Tusekile. Alikuwa mwanamke mwembamba wa sauti ya chini, na fimbo yake ilikuwa ya kuonyeshea herufi tu. Kila asubuhi alisimama mlangoni akaishika mikono yetu, mtoto mmoja mmoja. Tulidhani anakagua kucha, kumbe alikuwa pia anatupasha moto. Tuliimba, tukahesabu kwa punje za mahindi, tukaandika kwa kidole mchangani. Vibao vya kuandikia vilikuwa vichache, basi watoto wawili walitumia kimoja pamoja, kila mtu na upande wake, wakiandika kwa zamu. Hao mwalimu aliwaita ndugu wa kibao. Wakigombana, somo halikuanza mpaka wapatane. Mmoja akija na njaa, mwenzake alimmegea kiazi.

Ndugu yangu wa kibao alikuwa Lugano. Aliishi na bibi yake, kwa maana mama yake alikwishafariki na baba yake alikuwa akichimba dhahabu huko Makongolosi. Herufi zake zote zililala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, naye akizitazama alicheka mwenyewe mpaka akapaliwa.

Kisha surua ikaingia vilimani. Shule ikafungwa. Mimi nami niliugua, nikapelekwa kwa shangazi ng'ambo ya mto, na niliporudi nyumbani miguu ilikuwa bado inatetemeka. Nikauliza, Lugano yuko wapi?

"Amemfuata baba yake Makongolosi," baba akanijibu. Mama akainuka kwenda kuteka maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

Niliamini. Mtoto atamwamini nani kama si baba yake? Shule ilipofunguliwa tena, kila siku nikitoka nilipita kwa bibi yake Lugano, nikamwuliza, "Bibi, Lugano anarudi lini?" Naye akiendelea kupembua maharage alisema, "Bado, mjukuu wangu. Bado kidogo."

Darasani nilikataa kukaa na mtu mwingine. Niliandika upande wangu wa kibao, nikauacha ule wa pili mtupu. Asubuhi ile ya ukungu mvulana mmoja akauchukua na kuandika juu yake. Nikamwuma mkono mpaka akalia. Mwalimu hakunichapa. Alinitoa nje, akachuchumaa mbele yangu.

"Kwa nini umemwuma mwenzako?"

"Ule ni upande wa Lugano. Akirudi atakuta umejaa."

Wenzangu wote walijua, mwanangu, ila wakubwa walikuwa wamewakataza kusema. Mwalimu Tusekile akaishika mikono yangu yote miwili, akasema, "Lugano hayuko Makongolosi. Aliugua surua kama wewe. Wewe ulipona, yeye hakupona. Amekufa, mwanangu, na amezikwa nyuma ya nyumba ya bibi yake."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nilimwuliza baba, naye akachukua kofia yake akatoka nje.

Kesho yake asubuhi baba alinishika mkono tukaenda wote shuleni. Alikuwa amekasirika sana. Akasimama mlangoni, watoto wakisikia, akasema, "Mwalimu, nani amekupa ruhusa ya kumwambia mtoto wangu habari za kifo? Kazi yako ni kufundisha kusoma. Nitakwenda kwa wazee wa kanisa wakuondoe hapa."

Mwalimu akajibu kwa upole. "Baba, aliniambia anamngoja. Ningemwacha angoje mpaka lini?"

Kabla baba hajajibu, tulimwona bibi yake Lugano akipanda njia polepole, amejifunga khanga kiunoni. Mwalimu alikuwa amemwomba aje anichukue, anionyeshe mahali alipolala mwenzangu. Bibi alikuwa amesikia maneno yote.

"Mwanangu," alimwambia baba, "mlikuja kwangu mkaniomba nimfiche mtoto huyu habari ya kifo. Nikakubali kwa heshima. Lakini hakuna siku aliyopita bila kuniuliza Lugano anarudi lini. Na kila aliponiuliza, nilimzika mjukuu wangu upya. Unataka nimzike mara ngapi?"

Baba alivua kofia. "Alikuwa dhaifu, mama," alisema. "Niliogopa majonzi yangemrudisha kitandani. Niliogopa kumpoteza."

"Najua," akasema bibi. "Mimi nimeshapoteza."

Siku ile hatukusoma. Mwalimu alituongoza darasa zima mpaka nyuma ya ile nyumba, penye migomba. Lilikuwa kaburi fupi mno. Kila mmoja wetu aliweka jiwe, na tukaimba wimbo wetu wa asubuhi, ingawa wengi hatukuumaliza. Bibi aliketi chini kwenye udongo, akanipakata, na kwa mara ya kwanza akalia mbele yangu. "Ndaga, mwalimu," alisema, akishukuru kwa lugha ya nyumbani. Baba alisimama kando na kofia yake mkononi. Hakwenda kwa wazee wa kanisa.

Usidhani nilipona siku hiyo. Nililia msimu mzima. Lakini sikulia peke yangu, wala sikungoja tena njiani.

Nilipokuwa mwalimu huko Iringa, nilikutana na madawati matupu zaidi ya nilivyotaka. Wazazi waliniomba nifiche, nami niliwaelewa, maana uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Hata hivyo niliketi nao kwanza, kisha tukawaambia watoto pamoja. Haikuwa rahisi hata mara moja.

Basi sikia, mwanangu. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humuumbua. Mtoto akikuuliza habari ya msiba, usimpe safari ya uongo, kwa maana atakaa akingoja, na kungoja huko kutamla. Mwambie kweli kwa maneno machache, ukiwa umemshika mkono, na usiondoke mpaka amalize kulia. Wala usimdharau mzazi anayeficha; hofu yake nayo ni mapenzi.

Nenda kawafundishe. Mungu akupe ulimi wa kweli na viganja vyenye joto, na watoto utakaowapokea asubuhi akurudishie wote, mwaka hadi mwaka. Na ukifika mwaka ambao hakukurudishia wote, akupe watu wa kulia nawe. Amina.