Friji ya Bia Iliyotunza Ulanzi wa Mama

Sisi tuliokulia Kihesa, pale Iringa mjini, siku ambazo mtaa mzima ulikuwa na friji mbili tu, moja ya nesi na nyingine mbovu, tunajua barafu ilivyokuwa na heshima. Ukisikia kwa nesi kuna barafu unaacha rede katikati ya mchezo, unakwenda kusimama mlangoni na kikombe chako, unaamkia mara mbili mbili mpaka mwenye nyumba aelewe shida yako. Na huo ni mji ambao Juni asubuhi ukiongea unatoa moshi mdomoni. Baridi ya bure tulikuwa nayo tele, lakini ile ya kwenye friji tuliiona ndiyo baridi yenyewe.

Mama yangu alikuwa Mhehe na aliuza ulanzi. Kwa ambaye hajafika kwetu, masika yakianza mianzi michanga hukatwa ncha, na maji yake hudondokea kwenye mbeta, kikombe kilichochongwa kwa mwanzi. Asubuhi ulanzi ni mtamu kushinda soda, tunauita mtogwa, na hata mchungaji anakunywa. Shida yake haukai. Jua likipanda unaanza kutoa povu, na ikifika jioni umeshakuwa mkangafu, pombe kamili ya kumlaza mtu mtaroni.

Mama aliuza ule mtamu tu, kwa sababu alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisani kwetu, Kilutheri, na kanisa halikutaka mwanakwaya auze pombe. Kila baada ya muda mfupi alifunua kitambaa cha ndoo, akainama, akanusa. Pua yake ikisema umegeuka, anaumwaga kwenye bustani ya maharage hata kama ndoo ni nusu. Sisi watoto tulikuwa karibu kulia. Lakini mwaka mmoja mteja alinunua ulanzi asubuhi, akauficha uvunguni mpaka jioni, akalewa, akamtaja mama. Wazee wa kanisa wakampa onyo. Kosa likirudi angetengwa, yaani akae benchi la nyuma, asiimbe, asiende meza ya Bwana, mpaka asimame mbele za watu atubu. Nilimjua mama bila vitu vingi, bila viatu vya maana, bila kitambaa kipya. Bila kwaya sikumjua, na sikutaka kumjua.

Baba alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, fundi wa mafriji, mtu wa maneno machache. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba. Onyo lile lilimkaa moyoni. Akasema atatafuta mashine ya kuutunza ulanzi mtamu mpaka jioni, ili mama asiwe anakimbizana na jua. Friji ya kawaida isingemeza ndoo zote zile. Akapata habari kwamba Makongolosi, kule Chunya kwenye machimbo ya dhahabu, kuna baa imefungwa na friji yake ya bia ya pipa inauzwa. Shule zilikuwa zimefungwa. Nililia mpaka akanichukua, maana mimi nilikuwa mtoto wa kutaka kujua kila kitu.

Makongolosi ndiko nilikoelewa kwa nini mtu mzima atamani bia ya baridi. Vumbi, jua, na mabati yanayolia yenyewe kwa joto. Kwetu Kihesa hata walevi walikunywa bia ya moto, yaani ile inayotoka kwenye kreti bila kupozwa. Mwenye baa alikuwa mama mnene mwenye sauti nzito. Alituambia dhahabu imehamia upande mwingine na wanywaji wameifuata. Akauliza mzigo unakwenda wapi. Baba akamwambia Iringa. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini.

"Fundi, unapeleka baridi Iringa?"

Baba akasema anapeleka, akaendelea kukagua nyaya.

Friji yenyewe ilikuwa sanduku la bati jeupe, urefu wake ulinifika mimi kichwani. Ndani palikuwa na nafasi ya pipa moja, juu koki iliyopinda, chini kompresa. Panya walikuwa wamezalia kwenye feni. Raba ya mlango ilikuwa imeliwa, na ukifungua ulikutana na harufu ya bia iliyooza. Tuliifunga turubai, tukaipandisha lori mpaka Mbeya. Kutoka Mbeya tukapata Fuso iliyokuwa inakwenda kupakia mpunga Chimala, na hapo Chimala wapakiaji wakaizungushia magunia pande zote isitingishike. Nilikaa kati ya baba na dereva, nikamuuliza baba maswali mpaka Makambako, ambapo dereva alininunulia muhindi wa kuchoma ili ninyamaze.

Tulipoishusha Kihesa imefungwa turubai, majirani walitoka wakauliza msiba ni wa nani. Walipojua ni friji ya bia, kicheko kilifika mpaka sokoni. Mama hakucheka. Aliizunguka mara mbili, akaingiza kichwa ndani, akanusa, akasema haiingii kwenye nyumba ya mwanakwaya ikiwa inanuka hivyo. Siku tatu aliisugua mabomba kwa maji ya moto, magadi na malimau. Siku ya nne alinusa tena, hakukunja pua, tukajua imeruhusiwa.

Hapo ndipo raha yangu ilipoanza. Nikitoka shule sikwenda kuruka kamba, nilikwenda bandani. Nilitaka kujua baridi inatoka wapi. Nilidhani imehifadhiwa mahali humo ndani, labda kwenye kompresa, kama maji kwenye mtungi. Baba alichukua mkono wangu akauweka nyuma ya friji ya mteja wa mjini aliyokuwa anaijaribu baada ya kuitengeneza, nikakuta moto.

"Friji haitengenezi baridi," akasema. "Inatoa joto lililoko ndani, inalitupa nje."

Nilikaa na jambo hilo siku nzima. Darasani nilimwambia mwalimu kwamba baridi haipo, kuna joto lililoondolewa tu, akaniambia nisimame nje nikalitafute. Ilikuwa Julai na sweta langu lilikuwa limetoboka viwiko.

Gesi ilikuwa inavuja, lakini mahali penyewe hapakuonekana. Baba akapaka povu la sabuni kwenye mabomba kwa brashi ya kunyolea, akaniambia nikiona kipovu kinakua nimwite. Nilikodoa macho mpaka yakatoka machozi. Aliyekiona ni mimi, na hilo nimelisema kwenye sherehe nyingi za familia. Akapachomelea, akajaza gesi, akashona raba ya mlango kwa tyubu ya baiskeli, akafunga themostati, kile kidude cha kupima baridi, aliyoitoa kwenye friji iliyokufa. Siku ilipowashwa na kuanza kunguruma, aliweka sikio kwenye bati akafumba macho. Sijamuona na furaha kama ile tena. Jioni hiyo watoto wa Kihesa walipanga foleni kwetu na vikombe, na nesi akaacha kuamkiwa.

Masika yalipofika likaja suala la pipa la kuwekea ulanzi humo ndani. Baba alilikata mdomo juu, akatengeneza kifuniko cha chuma chenye raba na skrubu sita. Mama alitaka kitambaa chake, kama siku zote. Baba akasema haiwezekani, kila anapofunua anaingiza joto, aiamini mashine. Akakaza skrubu zote kwa spana. Mtu wa migomba huyo, mianzi alikuwa anaijulia Iringa ukubwani. Mhehe yeyote angemwambia ulanzi haufungwi ukakazwa, unaachiwa upumue. Na mama alijua. Lakini ilikuwa kazi ya mumewe, na alimheshimu, akanyamaza.

Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Watu walitoka kazini saa kumi na moja wakakuta ulanzi mtamu, wa baridi, unatoka kwenye koki ya bia. Wengine walikuja kushangaa tu. Mama alikwenda mazoezi ya kwaya bila kukimbia kuangalia jua.

Jumamosi moja umeme ulikatika asubuhi, ukarudi alasiri. Mama alikuwa mazoezini, baba alikuwa mjini kwa mteja, sisi tulikuwa tunacheza kombolela bondeni. Mama aliporudi alikuta mashine inanguruma kama kawaida, na pipa limekazwa kwa spana. Jioni hiyo hiyo akaja Mzee Kikoti, mzee wa kanisa, na shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amesikia ya ulanzi wa kwenye friji ya bia na alitaka kujionea. Akatusalimu, "Kamwene," tukampa kiti. Baba kwa heshima akamwambia afungue koki mwenyewe.

Koki ilitema. Povu lilimpiga Mzee Kikoti kifuani, likapanda usoni, huku pipa likipiga mluzi. Alisimama pale anadondosha povu. Hakuna aliyecheka, hata sisi. Akalamba mdomo taratibu, akalamba tena.

"Mama Atu," akamwambia mama, "huu ni mkangafu."

Jumapili iliyofuata mama alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango. Niligeuka mara nyingi kumwangalia, na kila mara nilimkuta ametazama mbele, midomo imefungwa, wakati kwaya inaimba wimbo ambao yeye ndiye alikuwa anauanzisha. Nyumbani baba alifungua zile skrubu sita, akakaa na kifuniko mapajani. Mama hakumgombeza. Alimwambia neno moja tu.

"Ningeunusa."

Baba alikitoboa kifuniko tundu kubwa, akafunga kitambaa juu. Mama angeweza kusimama akatubu siku yoyote, yakaisha. Alikataa. Alisema hatatubu kuuza pombe wakati hakuiuza akijua, na kama ni kukaa nyuma atakaa mpaka azeeke. Wiki zikapita. Mianzi ikaanza kukauka. Na mimi niliyekuwa na swali kwa kila kitu sikuthubutu kuuliza lile moja, kwamba mama ataimba tena lini.

Kisha Jumapili moja mchungaji aliuliza kama yupo anayerudi kundini. Baba, ambaye kanisani alijulikana kwa kusinzia dirishani, akainuka. Alikwenda mbele kwa mwendo wake wa taratibu, kofia mkononi. Watu walinong'ona, maana yeye hakutengwa.

"Wa kutubu ni mimi," akasema. "Mke wangu ulanzi anaupima kwa pua, tangu mtoto. Mimi nilikaza kifuniko kwa spana, nikamnyima kunusa. Umeme ukakatika, angejuaje? Kosa ni langu, siyo lake."

Mzee Kikoti akakohoa kwenye benchi la wazee, akasema shati lake lilishatakata. Mchungaji akamtazama mama kule nyuma, akamwita kwa mkono. Mama aliinuka, akapita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kwenye safu ya pili ya kwaya. Wenzake wakabanana kumpa nafasi. Nililia hadharani, na nilikuwa mkubwa wa kutosha kuona aibu.

Leo naishi Mbeya, nina friji ya milango miwili inayopiga kelele ukiiacha wazi. Wanangu wanaiacha wazi hivyo hivyo, wanasimama mbele yake na simu kana kwamba wanangoja chakula kijitambulishe. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza baridi inatoka wapi. Nikiwaambia waweke mkono nyuma, wanaweka, wanasema ni moto, wanarudi kwenye simu. Na wakikosana na wenzao wanaombana radhi hapo hapo kwenye simu, kwa kikatuni kinacholia machozi, na yule mwingine anajibu kwa kikatuni chake. Sisemi hawana mapenzi. Nasema tu sisi tulikulia kwenye nyumba ambazo mtu akikosea alilazimika kusimama kwa miguu yake.

Baba alishatangulia. Mwaka jana, nilipokwenda Kihesa, nilimuuliza mama swali nililolihifadhi tangu utoto, kama baba aliwahi kumwomba radhi hapo nyumbani, wakiwa wawili. Akasema hapana, hakuwahi. Nikamuuliza kama halikumuuma.

"Liniume kwa nini?" akasema. "Nyumbani maneno yale ningeyasikia mimi peke yangu."